Mtu Aliyekimbilia Jangwani

Msomaji, usidhani kwamba waliohamia nyikani zamani walikuwa mafukara tu. Antoni wa Misri, aliyezaliwa karibu na mwaka 251, alirithi kwa wazazi wake ekari 200 hivi za ardhi yenye rutuba. Aliposikia kanisani neno la Injili juu ya kuuza mali na kuwapa maskini, aliyagawa mashamba, akamweka umbu lake mdogo katika ulezi wa wanawake wachaji, akaenda zake. Athanasio, mwandishi wa maisha yake, hasemi kama umbu huyo aliulizwa shauri. Mimi naona alistahili kuulizwa.

Antoni alikaa kwanza makaburini, kisha akajifungia miaka 20 hivi katika ngome kuukuu, akiletewa mikate mara mbili kwa mwaka. Lakini upweke wake ulivuma. Watu walikuja wakauvunja mlango, wakajenga vijumba milimani kando yake, hata jangwa likawa kama mji. Akakimbia tena, mpaka mlima ulio karibu na Bahari ya Shamu. Huko nako walimfuata, akalima mboga apate kuwakirimu. Kabla ya kufariki mwaka 356, aliwausia wanafunzi wawili wamzike mahali ambapo mtu mwingine hatapajua.