Akeri 1896: walitii, mwisho hawakuuona

Matokeo ya UE bado hayajatoka, na ukipita hosteli yoyote utasikia neno lile lile: "We mtumaini Mungu tu, utafaulu." Sawa. Lakini leo naomba tuipime kauli hiyo kwa historia ya jirani zetu kabisa hapa Makumira, pale Akeri.

Mwaka 1896 Misheni ya Leipzig ilikuwa na miaka mitatu tu Kilimanjaro. Kutoka huko wakatumwa vijana wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waje kuanza kazi Mlima Meru. Walikuwa watu wa nchi za Baltiki, umri wao ishirini na kitu, yaani kama sisi tu. Wakaja pamoja na Wachaga waliokuwa wakiwasaidia, wakapiga hema Akeri. Hazikupita siku nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha wakavamia kambi, wakawaua wote wawili na baadhi ya wale Wachaga (ambao sisi tukisimulia huwa tunawasahau!). Shule hakuna, kanisa hakuna, hata mtu mmoja hawajambatiza. Ndio mwisho wao.

Sasa jamani, tusikimbilie kusema "wapagani waliua watumishi wa Mungu." Kapteni Johannes na askari wake wa Kijerumani naye alikuwa eneo hili hili siku zile. Mmeru angejuaje mzungu yupi kaja na Biblia na yupi kaja na bunduki? Na baada ya mauaji, Johannes alikuja kulipiza kisasi: watu wakauawa, migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Hapo mimi sisemi "ulikuwa mpango wa Mungu." Yale yalikuwa ya binadamu, na walioumia walikuwa mabibi na mababu wa watu tunaosali nao Jumapili.

Mwaka 1902 wamisionari wakarudi, wakaanza Nkoaranga. Mwaka 1904 wakafungua Ilboru kwa upande wa Waarusha. Wengi tunawasifu hao waliorudi, na wanastahili. Ila mimi namfikiria zaidi Mmeru wa kwanza aliyekwenda kukaa darasani Nkoaranga. Miaka sita tu nyuma aliona moto. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walinyonga viongozi kule Moshi, Mangi Meli akiwemo, na wengine wa huku kwetu Meru. Halafu wewe unakwenda kusoma kwa mzungu! Wazee watakuonaje? Ukoo utakuelewa? Hakuna aliyempa uhakika wowote. Alikwenda hivyo hivyo.

Leo kuna Dayosisi ya Meru ya KKKT tangu 1992, kuna hospitali Nkoaranga, na chuo chetu hiki, kilichoanzia Lwandai kule Lushoto mwaka 1947 kama shule ya theolojia, kikahamia hapa 1954. Sisi tunasoma hadithi tukianzia mwisho, ndio maana tunaona kila kitu kimepangika. Ovir na Segebrock waliona giza na mikuki, basi. Waebrania 11 nayo inawataja waliokufa katika imani kabla ya kupokea walichoahidiwa, na haiwaiti walioshindwa.

Kwa hiyo mdau, kumtii Mungu si kuweka amana benki ukisubiri riba. Unafanya lililo sawa leo kwa sababu ni sawa na kwa sababu unamjua aliyekutuma, hata kama matunda atakula mtu ambaye hajazaliwa. Mwenzako akiwa na hofu ya supu, mwambie amtumaini Mungu, lakini usimuahidi A. Mwambie Mungu atakuwa naye hata akiipata hiyo supu. Na kama kuna kitabu, mfungulieni msome wote.

Makaburi yao yapo Akeri. Jumamosi ukiwa huna ratiba, tembea ukayaone.