Mvuke wa Petroli: Nani Apime, Nani Aamue?

Katika vituo vya mafuta vya Hurlingham, kandokando ya Barabara ya Argwings Kodhek, dereva hubaki garini na mhudumu ndiye hushika bomba. Petroli inapoingia tangini, husukuma nje mvuke uliokuwamo, nao hupanda kuelekea uso wa mhudumu. Ndani ya mvuke huo mna benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kule Stockholm dereva hujijazia mwenyewe akaondoka. Nairobi, mtu mmoja huvuta mvuke wa magari ya watu wengi zamu nzima. Utaratibu wetu unawapa watu ajira. Ule wa Stockholm umewaondolea wafanyakazi mvuke.

Pua haitoshi kuwa mlinzi. Hutambua harufu upesi, lakini huizoea upesi vilevile. Ndiyo maana kifaa kilichoelezwa mwaka 1960 na Sherwood na Greenhalgh, wa kituo cha nyuklia cha Harwell, Uingereza, kina uzito wake: pampu ndogo anayovaa mfanyakazi mwenyewe. Vipimo vilivyowekwa mahali pamoja vilionyesha hewa ya chumba. Hicho kilionyesha hewa anayovuta mtu. Siku hizi mrija wenye chembe za mkaa hubanwa kwenye kola ya shati, kisha maabara hupima benzini iliyonaswa humo.

Jibu likishatoka, kila jamii hulisoma kivyake. Tangu 1987 sheria ya Marekani inaruhusu wastani wa sehemu 1 ya benzini kwa milioni katika saa 8. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2022 kushusha kiwango chake kwa awamu hadi 0.2. Mwili wa binadamu ni ule ule. Kinachotofautiana ni namna afya inavyopimwa dhidi ya gharama na uwezo wa viwanda.

Kenya nayo haikulala. Kanuni zake za 2007 kuhusu kemikali hatari zimeweka viwango vya hewa kazini, na Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini kinamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari kubwa isiyoondolewa. Ila kamati ya usalama hulazimika palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, nacho kituo cha mafuta mara nyingi hakiwafikishi. Nchini Sweden, mwakilishi wa usalama huchaguliwa palipo na wafanyakazi 5, na tangu 1974 anaweza kusimamisha kazi ya hatari. Kenya inamlinda mfanyakazi kwa kumbana mwajiri. Sweden inamlinda kwa kumpa mwenzake mamlaka.

Kipimo na mamlaka vinahitajiana: kipimo bila mamlaka hubaki karatasi, na mamlaka bila kipimo hubaki ubishi. Kenya ilipoachana na petroli yenye risasi mwaka 2006 ilionyesha kwamba biashara ya mafuta inaweza kubadilika. Basi Bunge lishushe idadi ya 20 hadi 5, na majibu ya maabara yamfikie kwanza aliyevaa mrija.