Kitambulisho walichokiona kazini

Wandugu, ukiwa na diplome mupya na kazi nzuri, utathubutu kuuliza bakubwa wako swali? Caroline Hunter aliuliza. Alikuwa mkemia kijana, mweusi, kwenye Polaroid, kampuni kubwa ya picha za papo hapo huko Marekani. Mwaka 1970, yeye na mpiga picha wa kampuni, Ken Williams, waliona kazini mufano wa kitambulisho cha migodi ya Afrika Kusini. Njo wakajua: mashine zao zilitoa picha za pasi, ile iliyomuzuia mtu mweusi kutembea bila ruhusa kwenye inchi yake. Wakabandika makaratasi, wakaita watu wagomee Polaroid. Hunter alifukuzwa 1971. Kampuni ilitoka Afrika Kusini 1977. Miaka sita, bila ule mushahara!