Uraia wa Italia kwa Nasaba
Uraia wa Italia kwa nasaba ni haki ambayo dhuria wa Mwitalia, ajapokuwa amezaliwa ng'ambo, huidai kwa hoja ya damu wala si ya ardhi aliyozaliwa. Baada ya Ufalme wa Italia kutangazwa mwaka 1861, mamilioni ya watu walihajiri kwenda Argentina, Brazil na Marekani, na sheria ya 1912, kama ile ya 1992 iliyoifuata, ikawahesabu watoto wao kuwa raia, maadamu muhajiri hakuwa ameupoteza uraia wake kabla mtoto hajazaliwa. Mwanamke alidhulumiwa hapo, kwani mama, ila kwa nadra, hakuweza kumrithisha uraia mwana aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 1948, Katiba ilipoanza kutumika. Dhuria wa mwana huyo hadi leo huenda mahakamani.

Taabu kubwa ni ya makaratasi: kila kizazi hakina budi kuunganishwa na kingine kwa vyeti vya uzazi na ndoa, na aghalabu babu aliyeandikwa Giuseppe katika daftari la kijijini kwao huonekana Joseph katika hati za Marekani.

Mlango huo wa uraia kwa nasaba, usiokuwa na kikomo cha vizazi, ulifinywa kwa amri ya tarehe 28 Machi 2025, iliyofanywa sheria Mei mwaka huo: aliyezaliwa ng'ambo mwenye uraia mwingine sasa, kwa kawaida, hutakiwa awe na mzazi, babu au bibi ambaye ni raia wa Italia pekee, au alikuwa hivyo alipofariki.