Saa Kumi na Mbili Isiyo na Jua: Hoja ya Kuacha Kanda za Saa na Kubakiza Saa za Kiswahili

Steve Hanke, mchumi, na Richard Conn Henry, mtaalamu wa falaki, wote wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, wanataka kanda za saa zifutwe. Dunia nzima isome saa moja tu, ile ya UTC ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Greenwich, na ule utaratibu wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi cha Ulaya na Marekani ukome. Shule, duka na ofisi za kila mahali zifunguliwe kwa kufuata jua la pale pale. Pendekezo hilo likikubaliwa, jua la Arusha litachomoza kwa wastani saa 03:29 kwa tarakimu za dunia, na watu wa Arusha wataamka kama walivyoamka jana. Wanaolipinga wana hoja moja wanayoitegemea kuliko zote: binadamu hawezi kuishi na namba isiyolingana na jua lake.

Hoja hiyo haimpati mkazi wa Lemara, hapa Arusha. Akrabu ya saa yake ya ukutani inaonyesha saba, naye anasema saa moja. Amefanya hivyo tangu utotoni, bila kukokotoa chochote.

Hata hivyo, upo upinzani mwingine ulio karibu zaidi na kwetu, na ndio ulionisukuma kuandika. Katika mikutano ya walimu na warsha za tafsiri nimesikia mara nyingi, tena kwa wasomi ninaowaheshimu, kwamba saa za Kiswahili zinachanganya, zinawapoteza wageni, na wakati umefika tuhesabu kama dunia inavyohesabu. Makala haya yanadai kinyume. Mfumo wetu una tabaka mbili, namba ya mashine na neno la mtu, na tabaka hizo ndizo Hanke na Henry wanazozitafuta. Kilichoharibika ni kitu cha tatu kilichopachikwa katikati yake, yaani ukanda wa saa.

Kuhusu asili ya saa za Kiswahili, wataalamu hawana ugomvi mkubwa. Edward Steere, katika mwongozo wake wa lugha uliotoka 1870, alikwisha kueleza kwamba kwa Waswahili siku huanza jua likizama. Ni hesabu ya ghurubi, ndugu wa ile iliyotumika katika dola ya Uthmaniya, ambako saa zilirekebishwa kila magharibi zisome kumi na mbili, mpaka Jamhuri ya Uturuki ilipoiacha mwaka 1926. Waganda, Wanyarwanda na Waethiopia nao huita saa moja kile ambacho Mwingereza anakiita saba. Msomaji wa Injili kwa Kiswahili anapokutana na saa sita na saa tisa za siku ya kusulubiwa hahitaji tanbihi, maana hesabu ya saa za mchana katika matini ya Kigiriki ilianza macheo, kama yetu ya mchana.

Ninapotofautiana vikali ni na John Mbiti. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti aliazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajengea juu yake nadharia nzima ya wakati wa Mwafrika. Humo anaeleza kwamba mtu akisema macheo, si muhimu kama ni saa kumi na moja au saa moja, ilimradi ni wakati wa macheo. Maelezo hayo yamenukuliwa hadi yamekuwa kama kanuni. Lakini aliyerekebisha saa yake kila siku jua lilipozama alikuwa na kipimo cha uhakika, kilichotokana na tukio ambalo yeyote angeweza kulithibitisha kwa macho. Mbiti alichukua msamiati wa Kiswahili akaiacha saa yake. Kwa hiyo walioishi na vyote viwili, jua na usahihi, hawaonekani katika nadharia yake, na wanafunzi wetu bado wanafundishwa kwamba ilibidi wachague kimojawapo.

Sasa niingie kwenye fumbo lenyewe. Kiswahili kinadai kwamba saa kumi na mbili asubuhi ndiyo mpaka wa usiku na mchana. Kwa Lemara, dai hilo si kweli siku hata moja ya mwaka. Mwanzoni mwa Novemba, jua linapowahi kuliko wakati wowote, huchomoza saa kumi na mbili na dakika kama 10. Katikati ya Februari, na tena mwishoni mwa Julai, huchelewa hadi saa kumi na mbili na dakika 40. Jioni nako hali ni hiyo: jua halizami kabla ya saa kumi na mbili na dakika 24, na Februari hukaribia saa moja kasoro dakika tano.

Jirani yangu mmoja anakaanga vitumbua kando ya njia wanayopita wanafunzi. Nilimuuliza anafungua biashara saa ngapi. "Saa kumi na mbili, mwalimu, kukipambazuka." Siku iliyofuata nilitoka na saa mkononi. Ilipofika saa kumi na mbili kamili, kikaango kilikuwa jikoni, moto wa mkaa ndio uliomwangazia uso, na upande wa Kilimanjaro kulikuwa na weupe mwembamba tu. Watoto walipita wawili wawili, mmoja akimulika njia kwa tochi ya simu. Kifodi cha kwanza kilipita kimewasha taa. Jua lilitokea nusu saa baadaye, wakati ungo wa kwanza ulikuwa umekwisha kuuzwa. Jioni ya siku hiyo hiyo, saa kumi na mbili kamili, nilimkuta mama huyo ameketi kwenye kivuli cha ukuta kwa sababu jua bado lilikuwa linamchoma.

Neno moja, basi, limebeba hali mbili zisizofanana: saa kumi na mbili ya asubuhi ni ya giza linaloondoka, ya jioni ni ya jua kali la pembeni. Hesabu ya asili isingeruhusu hivyo. Hapa tulipo, nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, urefu wa mchana hubadilika kwa dakika zisizofika 25 kati ya Juni na Desemba. Kumi na mbili ya asubuhi na ya jioni zilipaswa kuwa pacha. Kilichozitenganisha ni ukanda.

Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Mstari huo unapita karibu na Mogadishu. Hakuna mji wa Kenya, Uganda wala Tanzania unaoufikia. Arusha iko kwenye nyuzi 36 na theluthi mbili hivi, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa yetu kwa dakika 33 kwa wastani. Wakoloni wenyewe hawakuanza hivyo: kwa miaka mingi ya mwanzo wa karne ya 20 saa rasmi ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, baadaye saa mbili na dakika 45, na ni wakati wa Vita Kuu ya Pili ndipo ilipobaki kwenye tatu. Ile ya mbili na nusu ingeifaa Arusha karibu sawasawa. Kwa kipimo hicho, jua la Lemara lingechomoza, kwa wastani wa mwaka, saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo anayesema saa za Kiswahili zimepitwa na wakati anaulaumu mzizi kwa kosa la tawi. Tulihesabu jua, tukapewa saa ya Mogadishu, tukaendelea kutoa sita kutoka kwenye namba ambayo haikuwa yetu.

Magharibi mwa nchi hali ni nzito zaidi. Kigoma iko kwenye nyuzi 29 na nusu hivi, na jua lake liko nyuma ya saa rasmi kwa dakika 62 hivi. Februari, saa moja asubuhi ikigonga, jua la Kigoma bado halijachomoza. Mtwara mwanzoni mwa Novemba huliona kabla ya saa kumi na mbili. Waziri anayetangaza kwamba shule zote zianze saa fulani anatangaza saa mbili tofauti bila kujua. Ng'ambo ya mpaka, Burundi na Rwanda zimo kwenye ukanda wa UTC+2, na kule saa kumi na mbili asubuhi ni macheo kweli. Anayevuka daraja la Rusumo kutoka Ngara anarudishwa nyuma saa nzima kwa hatua chache, na kwa hesabu ya jua anakuwa amesahihishwa. Sudan Kusini iliyaona hayo, ikahamia UTC+2 tarehe 1 Februari 2021. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako hapa Arusha, sasa ina kanda tatu, kwa kuwa Kinshasa iko UTC+1. Mwaliko wa kikao cha saa tatu asubuhi unaotoka Arusha ni lazima ufafanuliwe kwa nusu ya wanachama.

Wapo ambao hawakuukubali ukanda kamwe, na wako katikati yetu. Adhuhuri haiadhiniwi saa sita. Huadhiniwa jua likishapinduka, na kwa Arusha hiyo ni baada ya saa sita na nusu siku nyingi za mwaka. Mwezi wa Ramadhani, redio ikitoa adhana ya magharibi kwa saa za Dar es Salaam, mfungaji wa Lemara hushika tende na kungoja dakika kama kumi zaidi, wa Kigoma karibu dakika 40. Wote wana simu zenye saa ileile. Hakuna aliyekosa futari kwa sababu hiyo. Huu, kwangu, ndio ushahidi mkubwa kwamba saa ya dunia na saa ya jua zinaweza kukaa nyumba moja.

Pingamizi lenye uzito ni la ajali za kila siku, nami limenikuta. Niliwahi kukata tiketi ya basi iliyoandikwa 12:00 kwa kalamu, kwenye fomu ya Kiingereza. Niliichukulia kuwa ya mchana. Nilipofika stendi saa nne asubuhi, basi lilikuwa limeondoka alfajiri, na mgonjwa niliyekuwa namfuata alilazwa bila ndugu usiku ule. Sijalisahau. Lakini nikilichambua, kosa halikuwa la hesabu ya Kiswahili. Aliyeniuzia angetamka "saa kumi na mbili asubuhi" nisingekosea. Hatari ni ile tarakimu tupu isiyosema ni ya nani. Magazeti yetu nayo yanaikuza yanapoandika "saa 3:00 asubuhi", tarakimu za mashine zikiwa zimevalishwa maana ya mdomo. Mtindo huo ndio wa kuachwa.

China hutajwa kama mfano wa kupinga, kwamba tangu 1949 inatumia saa moja kwa nchi yote. Hata hivyo Wauighur wengi wa Xinjiang wanahesabu saa mbili nyuma ya Beijing, kwa kuwa jua lao liko huko. Amri ya dola ilishindwa kuliondoa jua kwenye midomo ya watu. Suala la kusogeza saa mbele halituhusu sisi wa ikweta. Inatosha kusema kwamba Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 utaratibu huo ukome ifikapo 2021, na bado unaendelea.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza bila Bunge. Tarakimu za saa 24 ziachiwe UTC, na zitumike kwenye kila hati inayovuka mpaka: mialiko ya Jumuiya, mikataba, tiketi za ndege. Marubani na wapimaji wa hali ya hewa wanaitumia UTC tayari. Saa za Kiswahili ziandikwe kwa maneno daima, pamoja na alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku wake. Kisha kila mkoa uruhusiwe kuzirudisha kwenye jua lake, Kigoma karibu na Bujumbura, Arusha pale ilipokuwa Nairobi ya saa mbili na nusu. Nitaambiwa kwamba huko ni kuunda kanda upya. Huenda, ingawa zitakuwa kanda za maneno, na kalenda ya futari inaonyesha kwamba watu wanazimudu.

Lipo moja ambalo sijalimaliza. Kwa UTC tarehe itabadilika Lemara saa tisa usiku kwa hesabu ya sasa, wakati karibu kila mtu amelala, na hilo halina madhara. Lakini Kiswahili kina tarehe yake inayobadilika jua likizama, na ndiyo maana mtangazaji husema tukio limetokea usiku wa kuamkia Ijumaa. Kituo cha polisi kinachoandika tukio hilo kwa UTC kitaandika Alhamisi, au Ijumaa, kutegemea ni kabla au baada ya saa tisa. Kwa sasa naona jibu ni kuandika zote mbili, tarakimu na maneno, kwenye mstari mmoja wa kitabu cha matukio.