Kuku Hawafungi Kwaresima

Katika hesabu za nyumba ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, mwaka 1290, kuna matumizi ya peni 18 yaliyonunua mayai 450 ya Pasaka. Mengine yalichovywa rangi, mengine yakavikwa ngozi nyembamba ya dhahabu, kisha yakagawiwa watu wa nyumba ya mfalme. Tangu enzi hizo desturi ilikuwa imeshakomaa kiasi cha kuingizwa kwenye daftari la matumizi.

Ukiuliza mayai na Pasaka vimekutania wapi, mara nyingi utatajiwa Eostre, mungu wa kike wa Waingereza wa kale. Habari zake tunazo kutoka kwa mtawa Bede, aliyeandika mwaka 725. Bede anamtaja kwa maneno machache tu akieleza majina ya miezi, wala hagusii yai hata moja. Mimi nadhani jibu tulitafute kwenye banda la kuku.

Kanisa la kale lilipokataza nyama wakati wa Kwaresima, lilikataza na vitokavyo kwa mnyama: maziwa, jibini, mayai. Mtaguso uliokutana Constantinople mwaka 692 uliwakemea hata wale waliokuwa wakijiruhusu mayai na jibini siku za Jumamosi na Jumapili za mfungo. Watu wakafunga, kuku wasifunge. Na Kwaresima huangukia majira ambayo huko kaskazini mchana unarefuka, na kuku hutaga kwa kufuata mwanga. Kwa hiyo nyumba yenye kuku ilifika Pasaka ikiwa na vikapu vya mayai na watu wenye hamu nayo. Katika sehemu za Ujerumani wakulima walilipa kwa mayai hayo sehemu ya kodi ya shamba. Yaliyobaki yalichemshwa, yakatiwa rangi, yakaliwa.

Ugiriki, ambako Waorthodoksi wengi bado hufunga kwa namna hiyo ya kale, kazi hufanyika Alhamisi Kuu. Rangi ni moja, nyekundu. Siku hizi wengi hununua pakiti dukani, lakini njia ya mabibi ni maganda makavu ya vitunguu maji. Unayakusanya kwa wiki kadhaa, unayachemsha mpaka maji yanakuwa mekundu ya kahawia, unachuja na kuacha yapoe, kisha unatia siki na mayai na kurudisha sufuria kwenye moto mdogo. Siki ina kazi yake: asidi hulisaidia ganda kuishika rangi. Wengine hubandika jani la giligilani au kotimiri juu ya yai na kulifunga kwa kipande cha soksi nyepesi ya kike, ili likitoka liwe na picha ya jani. Mwisho mayai hupakwa mafuta kidogo ya zeituni kwa kitambaa, yang'ae. Yai la kwanza kutoka sufuriani haliliwi. Ni la Bikira Maria, na hukaa penye ikoni za nyumbani mpaka Pasaka nyingine.

Usiku wa kuamkia Jumapili watu hurudi kutoka kanisani na mishumaa inayowaka, wakafuturu kwa supu ya utumbo wa mwanakondoo iliyotiwa mboga za majani. Hapo kila mtu huchagua yai lake na kugonga la mwenzake, ncha kwa ncha. Mmoja husema Kristo amefufuka, mwingine hujibu kweli amefufuka. Ambaye yai lake litabaki zima anahesabiwa kuwa na bahati mwaka mzima. Aliyepasukiwa humenya na kula kwa chumvi, na sidhani kama yeye ndiye aliyepata hasara.

Mchezo huo una wenyewe sehemu nyingi. Katika mji wa Marksville, Louisiana, Marekani, wazao wa Wafaransa hukutana Jumapili ya Pasaka mbele ya jengo la mahakama kugonganisha mayai hadharani. Wazoefu hugonga yai kwenye meno wasikilize mlio kabla ya kulichagua. Mayai ya kanga yana shindano lake, kwa sababu ganda lake ni gumu mno na la kuku halifui dafu mbele yake.

Kwa nini nyekundu? Jibu la kanisani ni damu ya Kristo. Wapo pia wasimuliao kwamba Maria Magdalena alimpelekea Kaisari Tiberio yai, likageuka jekundu mkononi mwa Maria. Kisa hicho kimechorwa ndani ya kanisa la Maria Magdalena lililoko Mlima wa Mizeituni, Jerusalem, lililojengwa na Tsar Alexander wa Tatu wa Urusi. Ni Tsar huyohuyo aliyemwagiza sonara Fabergé, mwaka 1885, atengeneze yai la Pasaka la kumpa mkewe: nje jeupe, ndani kiini cha dhahabu, na ndani ya kiini kuku wa dhahabu. Ukilihesabu na hilo la kwanza, familia hiyo ilitengenezewa jumla ya mayai 50. Ya kutazama tu, bila shaka.

Waukraine wametenganisha mapema la kula na la kutazama. Krashanka ni yai lililochemshwa na kutiwa rangi moja, la mezani. Pysanka huchorwa kwa nta ya nyuki juu ya yai bichi, likachovywa kwenye rangi nyepesi, likaongezwa nta, likachovywa kwenye rangi nzito zaidi, mpaka mwisho nta iyeyushwe kwa mshumaa na nakshi zote zijitokeze. Wasovieti waliipiga vita kazi hii, wahamiaji wakaendelea nayo Kanada. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Rangi za kiwandani zilizozaliwa baada ya ugunduzi wa William Perkin mwaka 1856 ndizo zilizorahisisha mambo. Katika miaka ya 1880 William Townley, mwenye duka la dawa huko Newark, New Jersey, alianza kuuza vidonge vya rangi kwa senti tano pakiti. Upande wa pili wa bahari, kampuni ya Fry ya Bristol ilikuwa imeshatoa yai la chokoleti mwaka 1873, na hilo ndilo linaloonekana sasa kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako sikukuu yenyewe ni ya pilau.

Afrika, nchi ya kutazama ni Misri. Jumatatu baada ya Pasaka ya Wakopti ni Sham el-Nessim, siku ya mapumziko kwa wote, na Waislamu kwa Wakristo huchemsha na kupaka mayai rangi, kisha wakaenda kula bustanini na kandokando ya Nile. Huambatana na vitunguu vya majani na fesikh, samaki aliyechachushwa kwa chumvi, ambaye wizara ya afya huwaonya watu juu yake kila mwaka kwa sababu akiandaliwa vibaya anaua. Anayemwogopa hubaki na mayai yake.