Fundi wa Luthuli anaunda, anaunganisha au anafunga?

Mwaka wa 2016, vishikwambi vya mradi wa kidijitali wa shule za msingi vilipoanza kutayarishwa katika Chuo Kikuu cha JKUAT na Chuo Kikuu cha Moi, kitenzi kimoja kiligawa watu. Wapo waliosema vifaa hivyo “vimeundwa Kenya”. Wengine wakajibu kwa kebehi kwamba vimeunganishwa tu, kwa kuwa vijenzi vyake vilitoka ng’ambo. Kebehi hiyo hiyo humwandama kijana wa Luthuli anayekuuzia kompyuta ya mezani aliyoifunga mwenyewe. Ati yeye huchomekachomeka tu. Nadhani historia ya mashine yenyewe, na ya kitenzi kuunda, inamtetea.

Tukumbuke kwanza kwamba kompyuta haikuja Afrika Mashariki ikiwa kitu cha fundi. Ilikuja ikiwa mali ya serikali na mashirika makubwa, ikifungiwa katika chumba chenye ubaridi, na aliyeruhusiwa kuigusa tumboni alikuwa mhandisi wa kampuni iliyoiuza. Jirani zetu wa Tanzania walichoshwa na gharama na hasara za mashine hizo hata serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini mwaka wa 1974. Hapa kwetu hatukufika huko, lakini mwananchi wa kawaida hakuiona kompyuta kwa macho, sembuse kuifungua.

Kilichobadilisha mambo kilitokea Marekani mnamo Agosti 1981. Kampuni ya IBM, ikiwa na haraka ya kuingia katika soko la kompyuta ndogo, iliunda mashine yake ya kwanza ya aina hiyo kwa vijenzi vya kununua: prosesa ya Intel, programu ya Microsoft, na ubao mkuu wenye nafasi tano za kuchomeka kadi za ziada. Ikachapisha hata michoro ya saketi zake. Haukupita muda mrefu kabla ya kampuni ya Compaq kutoa mashine iliyofanya kazi vilevile, na baadaye viwanda vya Taiwan vikaijaza dunia mibao ya aina hiyo. Tangu hapo kompyuta ikawa kama baiskeli: fremu ya huyu, gurudumu la yule, mnyororo wa mwingine.

Baiskeli hiyo ndiyo iliyofika Nairobi. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Barabara ya Luthuli pamoja na vijia vinavyoizunguka hadi Moi Avenue na River Road, zilijaa vibanda vya vipuri. Mashine kuukuu zilizoagizwa kutoka Ulaya, zile tunazoziita “eksi-UK”, zilifunguliwa, zikachambuliwa, na kilicho kizima kikahamishiwa kwenye kesi nyingine. Saiba nyingi za Kangemi na Kawangware zilianza kwa mashine za namna hiyo.

Kazi yenyewe si ya kubahatisha. Vijana wa sasa hawajui masaibu ya mibao ya zamani, ambayo ilipokea umeme kwa plagi mbili zinazofanana zilizokaa bega kwa bega. Ukizigeuza, ubao unaungua. Kinga ilikuwa kanuni moja ya mdomo: nyeusi kwa nyeusi, yaani nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Mwaka wa 1995 Intel ilitoa kipimo kipya cha ubao, ATX, chenye plagi moja isiyoingia ila kwa upande wake sahihi, na kanuni ile ikaanza kusahaulika.

Mengine yamebaki. Fundi hugusa chuma cha kesi kwanza ili umeme tuli wa mwilini umtoke, maana cheche usiyoiona yaweza kuua kijenzi. Kisha hupanga vile viguu vya shaba vinavyouinua ubao usigusane na bati, kila kimoja chini ya tundu lake. Kiguu kimoja kikisahauliwa mahali pasipo na tundu, kitagusa mgongo wa ubao na kuzua shoti. Prosesa huitazama alama ya pembetatu kwenye kona yake, ikaketi bila kusukumwa. Juu yake hupakwa dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya mbaazi, kisha feni. Ramu huingizwa kwa kufuata pengo lake mpaka vibanio vilie “tak”. Mwisho ni vile viwaya vyembamba vya swichi na taa za mbele, ambavyo humtoa jasho hata mkongwe. Nimemsikia mmoja wao, kijana wa miaka ishirini na kitu, akimwambia mwanagenzi wake: “Pole pole, boss. Hii ikichomeka vibaya, itachomeka kweli.”

Sentensi hiyo ningeipa alama zote. Kiswahili kina chomeka mbili. Moja ni kutia kitu penye tundu au upenyo. Ya pili inatokana na choma, na maana yake ni kuungua. Kamusi huzitenga. Fundi anazitumia pamoja kwa pumzi moja, na mwanagenzi hakosei maana.

Sikiliza pia anavyoitaja kazi yake kwa jumla. Hasemi anaunganisha. Anasema anafunga mashine, na akiirarua anasema anaifungua. Msamiati huu umetoka gereji, ambako injini hufunguliwa na kufungwa. Ubao mkuu anauita madabodi, neno ambalo linanichekesha kidogo kwa kuwa ndani yake mna mada, na kwa hakika hiyo ndiyo mada ya mashine nzima.

Sisi wasomi tulikuwa wapi? Tulikuwa tukibishana kama kitu hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Si mjadala wa bure. Tarakilishi imekita mizizi katika shule zetu. Na kazi kubwa imefanywa: mnamo Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ikafuata. Hata hivyo, juhudi hizo zilihusu uso wa mashine: faili, hariri, hifadhi. Zilimlenga mtumiaji aliyeketi mbele ya kiwambo. Aliyepiga magoti nyuma yake na bisibisi hakuulizwa neno.

Turudi kwenye kuunda. Kamusi ya Johnson ya 1939 inakihusisha kitenzi hiki hasa na vyombo vya baharini. Nenda Matondoni, kisiwani Lamu, uone maana yake. Muundaji huanza kwa kulaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, kisha akapachika mataruma, kisha mbao. Misumari hakuifua yeye. Mbao nazo huenda zilikatwa mbali naye. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jahazi lile hakuliunda. Ustadi wake ni kujua kipi kinakaa wapi, kwa mpangilio upi, na kwa nguvu kiasi gani ili kitu kielee. Basi madabodi ni mkuku wa kompyuta, na fundi wa Luthuli ni muundaji kwa maana kongwe kabisa ya neno hilo. Simwambii aache kusema madabodi; wateja wangemshangaa.

Ninachodai ni kwamba maneno yake yaandikwe. Somo la kompyuta katika shule zetu hufundishwa kwa Kiingereza, na kijitabu kinachokuja ndani ya boksi la ubao hakina Kiswahili. Vijana wa Kileleshwa na Lavington wanaoagiza mashine za michezo zenye ubavu wa kioo wanaweza kujisomea. Mwanagenzi aliyetoka Kangemi asubuhi na kushuka mjini kutafuta riziki hutegemea sikio, na ubao mmoja ukiungua mikononi mwake, huenda akafidia kwa ujira wa wiki kadhaa. Anachokisikia ni maarifa kamili, yana istilahi, yana kanuni, yana hata utani wake. Kanuni ya nyeusi kwa nyeusi niliitaja majuzi mbele ya mafundi watatu. Ni mmoja tu, mwenye mvi kama mimi, aliyeitambua.